Uwanja Uliofagiwa Mpaka Bondeni

Nikifika kwa mteja mpya hapa Gitega, huwa siangalii maua yake. Naangalia ukuta wa nyumba, chini kabisa, pale rangi inapoanza kuchafuka. Mvua ikipiga ardhi tupu, matope yanaruka na kuchora mstari ukutani, na mstari huo hunieleza mengi kuliko mwenye nyumba. Yeye kwa kawaida yuko nyuma yangu, ananionyesha kwenye simu picha ya uwanja alioupenda: matofali ya pavé, mekundu, yametandikwa chini mpaka getini, nyasi za paspalum zilizonyolewa, na minazi miwili ambayo huku kwetu mlimani haitazaa hata ikiombewa. Mimi husema, "Ni nzuri. Sasa twende tuone maji yanapita wapi." Hapo wengine hukumbuka ghafla kwamba wana miadi mahali pengine.

Kazi yangu ni kutengeneza viwanja na bustani za nyumbani kwa namna ambayo maji ya mvua yanabaki nyumbani, udongo unabaki nyumbani, na ndege wanapata pa kukaa. Ukiieleza hivyo watu hutikisa kichwa kwa heshima. Ukianza kumwaga majani makavu mbele ya mlango wao, heshima inaisha. Huku kwetu uwanja ni ule uliofagiwa ukabaki udongo mtupu, mistari ya fagio ikaonekana. Nyumba ambayo uwanja wake bado una majani saa mbili za asubuhi, ama ina mgonjwa, ama ina msiba, ama ina mwanamke mvivu. Na desturi ni kwamba mwenzako akiugua, unachukua fagio lako unakwenda kumfagilia bila kuitwa.

Mimi naishi katika nyumba ya namna hiyo kwa hiari yangu. Uwanja wangu umefunikwa majani, chini ya miti ya matunda ya ibinyomoro mboga ya lengalenga hujiotea yenyewe, na kila akija jirani mpya mtaani, haipiti wiki atapiga hodi na fagio mkononi kuuliza kama naumwa. Mume wangu, fundi wa baiskeli, hupenda kumjibu kabla yangu.

"Hapana, haumwi," husema. "Uwanja iko kazini."

Lakini kinyozi hajinyoi. Uwanja uliohitaji mkono wangu kuliko vyote ulikuwa Muyinga, kwa mama yangu mzazi, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kupanda pale hata mche wa pilipili. Mama ni mjane wa fundi cherehani. Nyumba aliyoachiwa na marehemu baba iko katika mtaa wa Waswahili, chini ya barabara, kwenye mteremko, na jiko limesimama peke yake upande wa bondeni. Mama alifagia uwanja huo mara mbili kwa siku: jioni jua likizama, na asubuhi baada ya swala, kabla ya chai. Alianzia mlangoni akashuka nao mpaka ukingoni, na taka zote akazisukumia bondeni. Wazee wa zamani husema kufagia giza likiingia kunafukuza baraka. Mama aliwaambia baraka yake inajua njia ya kurudi. "Usafi ni nusu ya imani," alikuwa akitukumbusha, na mimi nilipokuwa mdogo nilidhani nusu ya pili ni kukoga. Ole wake aliyekanyaga mistari ile kabla Mama hajamaliza chai yake.

Kiangazi kimoja, si zamani, kaka yangu alinipigia simu. Kaka ni mkubwa kwangu, anauza vitambaa sokoni Muyinga, na tangu baba afariki amekuwa akizungumza nami kana kwamba mimi ni mteja anayeomba kupunguziwa.

"Mama hawezi kubaki pale," alisema. "Jiko iko karibu kuanguka. Donc mambo ni mbili. Ama naweka béton uwanja yote, ama anahamia kwangu."

"Na Mama anasema nini?"

"Mama anasema hahami. Kwani Mama ni injinia?"

Kesho yake nilipanda gari la kupitia Karuzi, nikafika Muyinga mchana. Kaka hakuwa ametia chumvi. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekula ukingo wa uwanja mpaka ukuta wa nyuma wa jiko ukabaki hauna hata pa kuweka mguu. Maji yalitoka barabarani, yakaingia getini bila hodi, yakateremka juu ya udongo mgumu uliofagiwa, na yakafika ukingoni yakiwa na nguvu ya kung'oa mawe.

Kitu kingine nilikiona nilipoinama kuvua viatu. Tulipokuwa watoto tulitoka mlangoni tukikimbia, moja kwa moja ardhini. Sasa kulikuwa na ngazi mbili za mawe, na chini ya ukuta msingi alioufukia baba ulikuwa unachungulia nje. Hakuna aliyejiuliza ngazi zile zilitoka wapi. Kaka aliziweka moja baada ya nyingine, miaka mingi katikati, na kila mara tuliona ni jambo la kawaida kwamba Mama amezeeka na anahitaji pa kukanyagia. Nilipima kwa futi ya baba ya kushonea: kutoka kizingiti hadi ardhi ilikuwa urefu wa goti langu. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa haba na haba hiyo hiyo kibaba kinaisha. Nilikunja futi nikanyamaza, maana binti hafiki nyumbani kwa mama yake akaanza na habari kama hiyo.

Tuliketi sebuleni watu watatu. Kaka alitaka béton yake, yaani zege. Mimi nilisema zege litayapa maji mbio zaidi, na yote yatamwangukia jirani wa chini. Nilieleza mpango wangu: mitaro miwili ya kukatiza mteremko, shimo la kupokea maji ya barabara, mimea ya kushika ukingo, na majani makavu juu ya kila kitu ili udongo upumue na kunywa.

"Majani," alisema Mama.

"Ndiyo, Mama. Kama wanavyosasira kahawa, wanaifunika chini kwa majani."

"Kwani mi ni kahawa?"

Kaka alicheka, na kwa kuwa alicheka alilegea kidogo. Aliweka sharti lake mezani: tungojee mvua kubwa ya kwanza. Jiko likisogea hata kidogo, Mama anahamia kwake siku hiyo hiyo, na mjadala umekwisha. Mama alimgeukia.

"Baba yenu alishona suruali ngapi ili aijenge nyumba hii?" aliuliza. "Mi nitatoka humu nikibebwa."

Niliogopa. Kaka ana nyumba nzuri mjini, vigae ndani na pavé nje, hakuna udongo hata wa kuotesha kitunguu. Nimewaona mama wazee waliohamishiwa katika nyumba kama hizo. Wanakaa ukingoni mwa kiti, mkoba magotini, wakingoja mtu wa kuwarudisha kwao. Sikutaka Mama awe mmoja wao, na nilijua kwamba kama mitaro yangu ingeshindwa, angekuwa.

Jirani wa chini alikuwa wa kwanza kuja na jembe. Ni mama wa rika langu, mkulima, Mkristo, aliyekulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania akarudi na mume, watoto, na Kiswahili kilichonyooka kiasi kwamba mtaani walimwita mwalimu. Shamba lake la maharage liko chini kabisa ya ukingo wetu.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Mama, kisha akanigeukia. "Dada, mimi nimekuja kujitetea. Mkiweka zege huko juu, mimi huku chini nitavuna mawe."

Tulifanya kazi siku tano. Nilitengeneza kifaa changu cha vijiti vitatu vilivyofungwa umbo la herufi A, kamba katikati na jiwe likining'inia, cha kuonyesha wapi ardhi iko sawa. Nilifundishwa na mkulima mmoja wa Gishubi, mwanamke mwenye haraka ambaye hakunipa hata kiti, na mpaka leo sijaona chombo cha dukani kinachokishinda. Tulichimba mitaro, udongo wake tukaupanga tuta upande wa chini, juu ya tuta tukapanda mchaichai, ndani ya mtaro mateke, yaani magimbi, na ukingoni matete ya kushika ardhi kwa mizizi. Jirani alileta maganda ya kahawa kutoka kwa ndugu yake wa Gashoho, na majani makavu ya shambani kwake. Tulifunika uwanja wote mpaka kifundo cha mguu. Mbele ya mlango nilimwachia Mama mahali patupu pa kutosha mkeka mmoja, nikajiona mkarimu sana.

Mama alisimama mlangoni akatazama.

"Sawa," alisema. "Mumenifunika."

Nilidhani anatania. Nilirudi Gitega nikiimba garini, na mwezi mzima nilikuwa nikimpigia simu kuuliza habari za mchaichai. Mchaichai ulikuwa unaendelea vizuri. Yeye mwenyewe sauti yake ilikuwa imechoka. Alisema usingizi hauji. Nilimshauri apunguze chai ya jioni.

Mwishoni mwa kiangazi binti wa kaka akapata mchumba. Kwetu msichana huposwa nyumbani kwa bibi yake, kwa hiyo wageni wa upande wa mume walikuwa wanakuja kwa Mama, na mimi nilitoka Gitega alfajiri kuja kupika. Nilikuwa na hamu isiyo na adabu ya kuwaonyesha wakwe bustani yangu.

Nilifungua geti nikasimama.

Uwanja ulikuwa mtupu. Ulikuwa umefagiwa vizuri kuliko nilivyowahi kuuona, mistari imepangwa sambamba kutoka mlangoni hadi ukingoni. Mitaro ilikuwa imezibwa na kukanyagwa ikawa sawa. Mchaichai wangu ulikuwa umerundikwa karibu na geti, mizizi juu. Na kwenye kivuli cha nyumba walikuwa wamekaa wanawake tisa wa mtaani, mafagio magotini, nyuso zinang'aa kwa jasho na furaha. Kiongozi wao, muuza maandazi wa ng'ambo ya barabara, rafiki wa Mama wa miaka mingi, aliinuka akanikumbatia.

"Karibu, mwanetu! Tuliona mwezi muzima uwanja iko vile, tukasema Mama anaumwa na hataki kusema. Wakwe wangefikiri nini? Wangesema ni muzee ametupwa! Alors tukakuja mapema, tukafagia yote. Na ile mashimo tumeziba, mutu asivunjike muguu."

Walitegemea nishukuru. Mtu yeyote mwenye malezi angeshukuru, maana walichofanya kilikuwa upendo, na si mdogo. Mimi hasira zangu hazina breki. Naziona zinakuja, najua zinakoelekea, na bado nazipisha.

"Nani amewatuma?" nilisema. "Mumeharibu kazi yangu yote! Mvua iko njiani!"

Mama alikuwa ametokea mlangoni na sinia la vikombe. Nikamgeukia yeye.

"Na we, Mama! Uwanja hii haikuliwa na mvua peke yake. We mwenyewe umeifagia mpaka bondeni! Kila siku, mara mbili, miaka yote! Angalia mulango iko wapi, angalia ardhi iko wapi!"

Wote tisa waliangalia. Waliziangalia zile ngazi mbili, wakauangalia msingi, na mmoja wao akaweka mkono mdomoni, kwa sababu nadhani alikuwa anakumbuka mlango wa nyumba yake mwenyewe. Mama aliweka sinia juu ya kigoda, akaingia jikoni. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema, na mimi ambaye riziki yangu ni kuyazoa nilisimama pale sijui nianzie wapi.

Wakwe walifika saa nne, kanzu zimepigwa pasi. Mzee wao alisimama katikati ya uwanja, akageuza shingo huku na huku.

"Mashallah," alisema. "Hapa ni kwa watu safi."

Niliwapakulia pilau nikitabasamu mpaka mashavu yakauma. Msichana akaposwa, dua ikasomwa, kila mtu akaridhika isipokuwa watu wawili, nao walikuwa wanapishana mlangoni na masinia bila kutazamana.

Alasiri, wageni walipoondoka, nilimkuta Mama jikoni anasugua sufuria kwa majivu. Nilichukua nyingine nikaanza kusugua. Nilitaka kuomba radhi lakini yeye alitangulia.

"Niliwasikia," alisema. "Walipoingia na mafagio, niliwasikia. Ningetoka niwaambie waache, ni kazi ya mwanangu. Sikutoka. Nilikaa kitandani nikasikiliza ile sauti, na nilifurahi sana."

Niliongeza majivu kwenye sufuria yangu.

"Unafikiri mi nafagia kwa nini?"

"Usafi, Mama."

"Usafi nafagia mara moja. Ya jioni si ya usafi." Aligeuza sufuria upande wa pili. "Ile miaka mibaya ya vita, baba yenu alikuwa anafuata vitambaa mbali, anakawia. Mi niko peke yangu na nyinyi wawili. Jioni nafuta uwanja yote. Asubuhi, kabla ya kuigusa, naangalia nyayo. Najua nani alipita. Siku moja nyayo za buti zilitoka barabarani zikafika mpaka dirisha ya chumba chenu. Zilisimama pale. Kisha zilirudi."

"Hukutuambia."

"Niwaambie nini? Nilifagia, nikachemsha chai, mukaenda shule. Lakini tangu siku ile siwezi kuanza siku bila kuangalia chini. Najua amani iko. Kichwa inajua. Macho bado hayajui." Akaweka sufuria chini. "Majani hayashiki nyayo, mwanangu. Mwezi muzima naamka, sijui nani alikuja."

Nililia, na sikujificha. Nililia kwa aibu zaidi kuliko huzuni. Nimeingia katika viwanja vya watu wengi, nimepima mteremko, nimeonja udongo, nimeuliza maji yanapita wapi, na mama yangu mwenyewe sikuwahi kumuuliza hata mara moja ardhi yake inamfanyia kazi gani. Nilimwomba radhi. Alisema amenisamehe tangu kwenye pilau, kwa kuwa aliniona nikiipika huku nikilia kwa kujificha, na chumvi ya machozi ikatosha. Huyo ndiye Mama.

Nilimpigia mume wangu simu kwamba sirudi mpaka mvua ije. Kesho yake nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi wale wanawake tisa. Nilianza na muuza maandazi. Alinisikiliza huku anageuza maandazi kwenye mafuta, akaniacha nimalize yote, kisha akanipa andazi la moto.

"Na majani yangu mliyapeleka wapi?" niliuliza, maana nilikuwa bado nina tumaini.

"Mbuzi," alisema. "Samahani. Walipenda sana."

Lakini jioni ile alikuja na wenzake saba, wamebeba majani makavu ya migomba, mabua ya mahindi na maganda ya maharage. Alinivuta pembeni akaniuliza kama ni kweli mlango wake nao umepanda. Nilimwambia nitakwenda kuupima, na nilikwenda, na ulikuwa umepanda.

Safari hii nilianza kwa kumwuliza Mama. Alitembea kuizunguka nyumba akinionyesha: hapa dirisha lake, hapa dirisha letu la zamani, hapa mlango wa nyuma. Kwa hiyo tuliizungushia nyumba nzima ukanda wa mchanga wa mtoni, upana wa mafagio mawili, tukausawazisha kwa vijiti vyangu vitatu na kuuzuia kwa mawe pembeni. Mchanga unakunywa maji bila kelele. Unashika nyayo kuliko udongo. Na Mama angeufagia kwa kufuata ukuta, kuzunguka, bila kuteremka kamwe. Nje ya ukanda huo tulifukua mitaro upya, tukarudisha mchaichai uliokuwa bado una uhai, tukafunika. Jirani wa chini alichimba nasi mpaka kucha zikamvunjika.

Mama alifagia mchanga wake, akaniambia nitembee juu yake. Nikatembea. Akainama akaangalia.

"Unaburuza muguu wa kushoto," alisema. "Tangu lini?"

Usiku ule alilala.

Mvua ilikuja siku ya sita, alasiri, tena si ya mchezo. Ilipiga mabati mpaka tukawa tunazungumza kwa ishara. Umeme ulikatika. Tulikaa kitandani kwa Mama, mimi nikihesabu moyoni mitaro yangu, yeye akihesabu tasbihi, na wakati fulani tukasikia mshindo upande wa bondeni, na baada yake vyombo vikigongana.

"Sufuria zangu," alisema Mama.

Nilijua ni jiko. Nililala nikiwa nimemshika mkono na nikiwa nimeshindwa.

Mvua ilikatika kabla ya adhana ya alfajiri. Kulipopambazuka Mama alishatoka, na nilipomfuata niliona kila kitu mara moja. Ukuta wa nyuma wa jiko ulikuwa umeanguka, matofali yamelala kwenye matete. Lakini ukingo wenyewe ulikuwa pale pale. Mitaro ilikuwa imejaa hadi mdomoni, maji yametulia yanaingia ardhini polepole, na kutoka chini jirani alipaza sauti, "Huku salama, dada! Maharage yapo!" Ukuta ule ulianguka kwa sababu miguu yake ilikuwa hewani tangu mvua zilizopita, na hakuna mtaro ambao ungeirudisha chini. Yote hayo ningeweza kumweleza kaka. Sharti lake, hata hivyo, halikuwa na maelezo ndani yake. Jiko likisogea, Mama anahama.

Naye kaka alikuwa ameshafika. Alitokea nyuma ya jiko, suruali imelowa mpaka magotini.

"Mama," alisema, "tulikubaliana."

Mama alikuwa ameinama, anaangalia mchanga. Mvua ilikuwa imeulaza vizuri, na juu yake kulikuwa na nyayo za viatu vya ngozi, kisigino cha kulia kimelika upande mmoja. Zilitoka getini zikaenda moja kwa moja mpaka dirisha la Mama. Pale zilikuwa nyingi, zimezama. Kisha zilizunguka nyumba, zikarudi dirishani, zikazunguka tena.

"Umezunguka mara tatu," alisema Mama. "Ulikuja kabla ya adhana. Na hapa kwa dirisha yangu umesimama sana. Ulikuwa unafanya nini?"

Kaka aliangalia viatu vyake. Sijawahi kumwona kaka yangu akikosa bei ya kutaja.

"Nilikuwa nasikiliza kama unapumua," alisema.

"Si ungepiga hodi?"

"Niliogopa kama hautajibu."

Mama alinyoosha mgongo taratibu, akamtazama mwanawe, huyu mzee wa kelele za sokoni, na macho yake yakajaa.

"Kwako iko pavé kila pahali," alisema. "Utasimama kwa mulango wangu kila asubuhi, na mi sitajua."

Kaka alijipangusa uso kwa kiganja, mara mbili. Kisha alivua viatu, akakunja suruali, akashuka kwenye matofali yaliyoanguka na kuanza kuyachagua mazima. Aliokota matatu, manne, akayaweka pembeni, halafu akanigeukia bila kuniangalia usoni.

"Jiko mupya," aliuliza, "maji inataka tuweke wapi?"

Nilimwonyesha.